Sista Paskalia wa Nahimba na Mikorosho ya Wazazi

Alizaliwa Jumatatu ya Pasaka, tarehe 6 Aprili 1953, katika kijiji cha Nahimba, pale uwanda wa juu wa Makonde unapokatika ghafla na ardhi ya Newala kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma. Baba yake, Vitalis Nandonde, alilima korosho na muhogo kama majirani zake wote. Mama yake, Julia, alikuwa mwanamke mpole aliyejulikana kwa kuteremka mtoni kuteka maji na kupanda tena na ndoo kichwani bila kupumzika hata mara moja, jambo lililowashangaza wanaume. Aliyempokea mtoto alikuwa Bibi Somoe, mkunga wa jadi wa Nahimba, Mwislamu, mtu wa maneno mengi na mikono mitulivu. Kwa kuwa mtoto alikuja na sikukuu, padre wa misheni alimbatiza jina la Paskalia. Bibi Somoe hakupinga jina hilo, ila alisema kwamba yeye atamwita mke mwenzangu, kama mabibi wa huku wanavyowatania wajukuu zao wa kike, na hakulibadili neno hilo mpaka siku aliyokufa.

Katika nyumba ya Julia walizaliwa wasichana wawili tu, Dina na Paskalia. Jambo hilo lina uzito kwa watu wa uwanda, kwa maana huku mtoto huhesabiwa upande wa mama, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Nyumba ikikosa mabinti, ukoo umefika mwisho wake, hata kama wanaume wamejaa uani. Kwa hiyo Dina alipoolewa na kushika mimba, mjomba wao, Alfredi, alitembea kijiji kizima akiwaambia watu kwamba nyumba ya dada yake inapata mtu. Mwezi Februari mwaka 1967 Dina alishikwa na uchungu siku mbili bila kujifungua. Bibi Somoe, aliyejua mwisho wa uwezo wake, alisema apelekwe hospitali. Wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda cha kamba kuelekea Newala, kwenye tope, jua likiwa kali baada ya mvua. Paskalia, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliwafuata nyuma na furushi la kanga kichwani. Kabla hawajafika nusu ya safari, wabebaji waliambiwa wakiweke kitanda chini. Dina alikata roho kando ya njia, kwenye shamba la muhogo la mtu wasiyemjua, na mtoto wake pamoja naye. Paskalia alizitandaza kanga zote juu ya dada yake, moja juu ya nyingine, mpaka furushi likaisha.

Watu waliomfahamu wakati huo husema hakulia mbele yao. Alirudi shuleni Lukuledi, alikosoma kwa masista, akawa mwanafunzi wa kuuliza maswali. Alimwuliza sista mwuguzi wa misheni mtoto hugeukaje tumboni, damu husimamishwaje, na kwa nini mkunga mmoja anajua na mwingine hajui. Mwaka 1971, alipofikisha miaka kumi na minane, aliwaeleza wazazi wake kwamba anataka kuingia katika shirika la Masista Wadogo wa Kumtembelea Elizabeti. Shirika hilo lilikuwa changa, na makao yake yalikuwa Masasi. Lilipewa jina kwa heshima ya safari ya Bikira Maria kwenda milimani kumhudumia ndugu yake mjamzito. Vitalis alikubali, lakini kukubali kwa baba hakukutosha. Alfredi aliitwa, akaketi uani, akasikiliza hadi mwisho.

"Nyumba ya dada yangu ilikuwa na milango miwili," alisema. "Mmoja ameufunga Mungu. Huu uliobaki unataka kuufunga wewe kwa mkono wako?"

"Mjomba, Dina hakukosa ukoo," Paskalia alimjibu. "Alikosa mtu wa kumpokea. Ukoo mzima ulikuwa umembeba."

Alfredi alisimama, akakung'uta vumbi la suruali yake na kusema, "Nenda. Lakini mimi sikukutoa. Umejitoa mwenyewe." Tangu siku hiyo hakumwitikia salamu. Kila Paskalia alipokuja nyumbani likizo na kumwamkia, "Shikamoo, mjomba," mzee aligeuza uso na kuangalia mikorosho yake. Ukimya huo ulidumu miaka kumi na tisa. Wenzake konventini wanashuhudia kwamba hakuna msalaba aliouona mzito kuliko huo.

Aliingia upostulanti, hatua ya kwanza ya utawa, Januari 1972, akaweka nadhiri za kwanza tarehe 31 Mei 1975, siku ya sikukuu ya shirika, kisha akapelekwa kusomea uuguzi na ukunga. Alifaulu vizuri. Tarehe 31 Mei 1980 shirika lilifungua konventi huko Nahimba, na pembeni yake nyumba ya wazazi yenye vitanda vinane, paa la bati, na tangi kubwa la saruji la kuvunia maji ya mvua, ili mwanamke mwenye mimba asiteremke tena bondeni. Masista wanne walitumwa, na Paskalia akapewa nyumba ya wazazi. Siku ya ufunguzi alizunguka kila chumba akigusa vitanda. Jambo moja tu lilikuwa moyoni mwake, nalo lilimfuata maisha yake yote: je, wanawake wa uwanda wataikubali nyumba hii, au wataendelea kufia njiani kama Dina?

Mwaka wa kwanza walikuja wanawake kumi na mmoja. Wengine walikuja kupima mimba, wakashukuru, wakapewa sabuni, wakaondoka, na walipofikiwa na uchungu wakajifungulia majumbani kwao. Masista walijiuliza kosa liko wapi. Walidhani ni umbali, wakanunua baiskeli yenye kiti cha mgonjwa. Walidhani ni waume, wakaitisha mkutano wa kijiji, na wanaume wakaitikia kila neno kwa kupiga makofi. Waliahidi kanga kwa kila atakayejifungulia kwao. Kanga zilikaa kabatini. Mwezi Machi 1981 mwanamke mmoja wa kitongoji cha jirani alikufa kwa kutokwa na damu, umbali wa nusu saa tu kutoka kwenye vitanda vile vyeupe. Baada ya mazishi Sista Paskalia hakurudi konventini moja kwa moja. Alikwenda kwa Bibi Somoe, akamkuta anamenya ming'oko, viazi vya porini, akaketi chini mkekani na kumwamkia.

"Marahaba, mke mwenzangu," alijibu bibi. "Leo umekumbuka nyumba ya mwenzio? Huyo mume wako wa mbinguni amekupa ruhusa?"

"Bibi, nimekuja kuuliza. Kwa nini wanawake hawaji kwetu?"

"Mmewauliza wanaume, wamewapigia makofi. Mlifikiri wanaume ndio wanaozaa?" Bibi alicheka, kisha akaweka kisu chini. "Kondo mnalipeleka wapi?"

Sista Paskalia alimwambia. Nyuma ya jiko kulikuwa na shimo refu lenye mfuniko wa saruji, na humo walitupa kondo, pamba zenye damu na taka nyingine, kisha wakamwagia chokaa. Ndivyo alivyofundishwa chuoni, na ndivyo usafi ulivyotaka.

"Basi umejijibu," alisema Bibi Somoe. "Mama wa mzazi anakuja na jembe lake kumzika pacha wa mjukuu wake, mnamwambia nenda kapumzike, bibi. Mnamtupa pamoja na matambara. Mtoto ambaye kondo lake halina mahali, mwenyewe ana mahali? La kwako nililizika mimi kwa mkono huu, nyuma ya nyumba ya mama yako. Hukumbuki? Shule imekusahaulisha?"

Ni kweli alikuwa akijua. Kila mtoto wa Nahimba alijua. Lakini miaka ya chuo ilikuwa imelifunika jambo hilo kwa maneno mengine, na yeye, binti pekee wa uwanda katika konventi ile, ndiye aliyelisimamia shimo. Alitubu kosa hilo mbele ya wenzake jioni ileile, akiwa amepiga magoti katika chumba cha kulia. Mpaka uzeeni aliwaambia wanovisi, wasichana wanaojiandaa kuweka nadhiri, kwamba mgeni akikosea husamehewa, ila mwenyeji aliyesahau ana hesabu mbili.

Kuanzia juma lililofuata, kila mwanamke aliyejifungua, mama yake mzazi alikabidhiwa kondo la mjukuu ndani ya chungu kipya kilichofunikwa kwa kitambaa safi. Waliokaa karibu walikwenda kulizika kwao. Kwa waliotoka mbali, Sista Paskalia aliomba ekari tatu za shirika nyuma ya konventi. Bibi Somoe ndiye aliyeweka taratibu. Shimo lifike kiunoni mwa mtu mzima. Afukie bibi, si mwingine. Juu yake upandwe mkorosho, tena si kila mtoto na mti wake, bali kila nyumba ya mama na mkorosho wake mmoja, ili watoto wa tumbo moja na wa dada zao walale chini ya kivuli kimoja. Aliyezaliwa kiangazi aliwekewa jiwe, na mche ukangoja mvua ya kwanza. Mkorosho ukizaa, mwenye kuvuna ni nyumba ile, na shirika halichukui hata punje. Kwa Mwislamu, baba alikaribishwa barazani amsomee mtoto adhana sikioni kabla ya lolote lingine. Mwaka 1981 ulipokwisha, watoto tisini walikuwa wamezaliwa katika nyumba ile. Mwaka 1984 masista walilazimika kutandika mikeka katikati ya vitanda. Bibi Somoe mwenyewe alikuwa akiwaleta, akiketi barazani na kuwazomea waliochelewa: "Ulikuwa unangoja nini? Mtoto akuandikie barua?"

Kila kazi ya Mungu hupimwa. Mwaka 1986 habari zilifika Masasi kwamba katika konventi ya Nahimba kunafanyika matambiko. Mama Mkuu wa shirika wakati huo alikuwa Sista Dominika, mwanamke mwadilifu, mkali kwa nafsi yake kuliko kwa wengine, aliyelijenga shirika kutoka masista tisa hadi sitini. Alipanda uwandani bila kutoa taarifa. Aliyoyakuta siku hiyo hayakumsaidia Sista Paskalia hata kidogo: bibi mmoja Mwislamu alikuwa akitoa amri barazani, na nyuma ya kanisa dogo mabibi watatu walikuwa wakifukia chungu huku wakipiga vigelegele.

"Hii ni nyumba ya watawa au ni nini?" aliuliza Mama Mkuu.

"Ni nyumba ya wazazi, Mama," alijibu Sista Paskalia. "Wanazika kilichotoka mwilini mwao. Hawakiombi kitu."

Mama Mkuu hakushawishika. Aliamuru shamba lifungwe na shimo lifunguliwe, na Sista Paskalia akahamishiwa Masasi kulisha nguruwe wa nyumba ya malezi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, mkunga bora kuliko wote shirikani. Aliomba dakika chache tu za kumuaga Bibi Somoe. Bibi alitaka wanawake wote wa Nahimba walale barabarani gari lisipite. Sista alimshika mikono akamwambia, "Bibi, nimeweka nadhiri ya utii, sikuweka nadhiri ya kuwa sahihi." Akapanda gari.

Kwa miaka mitatu, kuanzia Septemba 1986, alichanganya pumba na maganda ya mihogo, akafagia mabanda na kubeba ndoo. Walioishi naye hawakumsikia akinung'unika. Walichosikia ni swali moja, alilowauliza wote waliotoka Newala: "Wanakuja?" Nao walimwambia ukweli. Hawaji. Mwaka wa kwanza walipungua hadi ishirini, wa pili wakawa saba, na wa tatu hakuna aliyehesabu tena. Kila alipopata jibu hilo alikwenda kanisani, akakaa benchi la nyuma kabisa bila kitabu.

Mwezi Agosti 1989 Mama Mkuu Dominika alipanda tena uwandani, safari hii kukagua. Alikuta vitanda vinane vimetandikwa vizuri, mashuka yamenyooka, dirisha moja buibui wameanza kujenga. Alimwuliza sista aliyekuwapo kama hakuna wajawazito Nahimba. "Wapo, Mama. Jumapili wanajaa kanisani. Wanakuja kusali, hawaji kuzaa." Tena alielezwa kwamba tangu Pasaka wamezikwa wazazi watatu. Mama Mkuu hakula chakula cha mchana. Alikwenda peke yake kwa miguu hadi kwa Bibi Somoe. Bibi alikuwa amezeeka, macho yamefifia, lakini ulimi ulikuwa uleule.

"Karibu, mwenye shimo," alimwambia. "Keti. Mkeka hauna tambiko."

Mama Mkuu aliketi. Bibi Somoe hakumhubiria. Alimwuliza tu kwao ni wapi, naye akasema ni Chiwata, chini ya uwanda. Akamwuliza bibi yake mzaa mama alikuwa nani, akajibu. Kisha akamwuliza, "Na kondo lako wewe liko wapi?" Mama Mkuu alifungua kinywa kujibu kwamba hajui, akagundua kwamba anajua. Liko nyuma ya ghala la bibi yake, penye miwa, na kila alipokwenda likizo utotoni bibi yule alikuwa akimwonyesha kwa kidole. Aliporudi Masasi aliwakusanya masista wote na kusema maneno yaliyoandikwa katika kumbukumbu za shirika: "Nilidhani nimefunga tambiko. Nilikuwa nimefunga uzazi. Kosa ni langu, na walioumia si mimi." Ni vigumu kusema ni nani alifanya jambo kubwa zaidi, aliyetii au aliyekiri, na shirika linajivunia wote wawili.

Habari za kurudishwa zilimkuta Sista Paskalia bandani, mikono imezama kwenye pumba. Mama Mkuu alimwendea mwenyewe mpaka pale, kanzu nyeupe ikagusa tope, akamwambia kesho gari linaondoka saa mbili. "Liondoke saa nne, Mama," alisema Sista Paskalia. "Yule jike wa mwisho anazaa usiku huu au alfajiri. Naye ni mzazi." Nguruwe alizaa watoto kumi na wawili, na gari likaondoka saa nne.

Alipofika Nahimba alifunika shimo na kufungua shamba. Wanawake hawakuja mara moja, kwa sababu mtu aliyefungiwa mlango hupita mbali hata ukifunguliwa. Kwa miezi kadhaa alitembea kitongoji kwa kitongoji, akiketi kwenye mikeka, akiomba radhi kwa jambo ambalo si yeye aliyelifanya, wala hakuwahi kusema kwamba si yeye. Mwishoni mwa 1990 mikeka ilitandikwa tena katikati ya vitanda.

Mwaka uliofuata, wakati wa palizi, Alfredi alikuja. Alikuwa mzee wa fimbo. Alisimama kwenye ukingo wa lile shamba la ekari tatu, mikorosho ya kwanza ikiwa imeshaanza kuzaa, akamwona mpwa wake akipalilia. Sista Paskalia alimwamkia kama alivyomwamkia miaka yote, bila kutegemea kitu.

"Marahaba," alisema mzee. Jembe lilimponyoka Sista. "Mti huu ni wa nyumba gani?"

"Wa akina Mama Nikolao, wa Mnima. Watoto saba."

"Na ule?"

"Wa watoto wa jirani yako na dada zake."

Alfredi alizunguka shamba lote akiuliza, naye akamjibu mti kwa mti. Mwishowe akasema, "Nyumba ya dada yangu ndiyo peke yake haina mti hapa." Siku ya pili mzee alirudi na mche na jembe, akachimba mwenyewe, akikataa kusaidiwa, akaupanda mkorosho wa nyumba ya Julia ambao chini yake hapakuwa na kitu. Haukukaa hivyo kwa muda mrefu. Wakati ule walikuwapo wanawake waliovuka Ruvuma wakikimbia vita, na wake wa walimu na maafisa waliohamishiwa Newala kutoka mikoa ya mbali, ambao mama zao hawakuwa karibu wala hawakuwa na nyumba uwandani. Mabibi walikuwa wanajiuliza wawazikie wapi. Alfredi ndiye aliyesema, "Waleteni kwenye mti wetu. Nyumba hii ina nafasi." Mti huo ukapata watoto wengi kuliko mwingine wowote shambani. Mzee Alfredi aliulinda na kuupalilia mpaka alipofariki mwaka 1998, na kwa wageni waliouliza alijibu kwa kiburi kwamba nyumba ya dada yake ina watu mpaka Bukoba na mpaka Msumbiji.

Yako mambo ambayo waamini wanayasimulia juu yake kama maajabu, na Kanisa lenyewe ndilo lenye neno la mwisho. Linalosimuliwa zaidi ni la Aprili 2003. Mvua ilikuwa imekata barabara. Mwanamke aitwaye Hadija, mama wa watoto wanne, alijifungua salama kisha damu ikaanza kutoka bila kusimama, na dawa iliyokuwapo haikuizuia. Sista Paskalia aliubana mfuko wa uzazi kwa mikono yake miwili, mmoja ndani na mmoja juu ya tumbo, kama wakunga wanavyofundishwa kufanya kwa dakika chache. Alibana kwa saa tano. Masista walimwomba apokewe, akatikisa kichwa, kwa maana kila alipolegeza kidogo damu ilirudi. Gari la hospitali lilipofika likiwa limevutwa na trekta, Hadija alikuwa anazungumza. Sista Paskalia alihitaji watu wawili kumnyoosha vidole. Daktari aliyempokea Hadija alisema hajui mtu anayeweza kufanya hivyo kwa nguvu zake mwenyewe. Alipoulizwa, Sista alisema, "Saa ya kwanza ilikuwa mikono yangu. Baada ya hapo sikuisikia tena." Hadija yu hai, na mwanawe wa siku ile ni fundi ujenzi. Lakini yeye mwenyewe alipenda zaidi kuwakumbuka wawili waliomfia. Katika miaka yote ya kazi alipoteza wazazi wawili mikononi mwake, na kila asubuhi kwenye sala aliwataja kwa majina, baada ya Dina.

Bibi Somoe alifariki mwaka 1996, akazikwa kwa taratibu za dini yake, na masista wote wa Nahimba walikuwa kwenye msafara wa wanawake. Miaka ilienda. Sista Paskalia aliwafundisha wakunga wengi, na mwaka 2014 alipewa msaidizi, Sista Esther, msichana kutoka Iringa, hodari lakini mgeni, asiyejua neno la Chimakonde. Wanawake walimheshimu, ila kila uchungu ulipowashika walimtaka Sista Paskalia. Jambo hilo lilimsumbua mama huyu mzee kuliko presha na moyo vilivyokuwa vikimchosha. Alikuwa ameona mara moja jinsi nyumba inavyoweza kuwa tupu. Alianza kukaa kimya kwenye kiti pembeni wakati Sista Esther akizalisha, na walipomwita alisema, "Mikono yangu imelala. Ya huyu iko macho." Siku moja kabla ya kufa alimwuliza Esther, "Nikiondoka, watakuja?" Sista Esther alikiri baadaye kwamba hakuthubutu kumjibu.

Alifariki Alhamisi tarehe 20 Januari 2022, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sitini na minane. Alizikwa Jumamosi. Walikuja watu kutoka Masasi, Lukuledi, Chidya na Chiwata, mapadre, mashekhe, walimu, waendesha bodaboda, na wanawake wasiohesabika wenye watoto waliozaliwa katika vitanda vile. Jeneza lilikuwa limefika kaburini, katika makaburi madogo ya konventi, Sista Esther akiwa mbele ameshika msalaba, wakati bodaboda iliposimama nje ya ua. Juu yake alikuwa Zuhura, binti wa miaka ishirini na mmoja, ameshikwa na uchungu, na nyuma yake mama yake mzazi. Mama alitazama umati, akatazama jeneza.

"Geuza pikipiki, turudi," alisema. "Mwenye nyumba ndiye huyo anazikwa. Nani atatupokea?"

"Mama, huyu mtoto hajui kama kuna msiba!" Zuhura alipiga kelele, na watu wote wakageuka.

Sista Esther alimpa mwenzake msalaba. Alipita katikati ya watu, akafika kwenye pikipiki na kupiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Ni Esther. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Mama alimtazama kuanzia shela mpaka viatu. "Na kondo?"

"Chungu kipo tayari, mama. Jembe liko nyuma ya mlango. Mnachimba nyumba gani?"

Mama alishuka. Walimshika Zuhura pande zote mbili, wakaingia ndani. Padre Optatus, aliyekuwa akiongoza ibada, alifunga kitabu chake. "Tungoje," alisema. "Hata yeye asingeruhusu tuimbe, mtu akiwa na uchungu." Basi umati ule wote ulikaa chini kwenye udongo mwekundu, mashekhe kwa mapadre, jeneza likiwa juu ya mbao zake, na kukawa kimya ambacho hakijawahi kusikika Nahimba mchana. Zaidi ya saa moja ilipita. Ndipo kilio cha mtoto kikatoka dirishani. Mabibi walitazamana, kwa kuwa si desturi, kisha mmoja akashindwa kujizuia, na vigelegele vikapanda pale pale kaburini, vikaenea mpaka barabarani. Mama Zuhura alitoka na chungu mikononi na jembe begani. Watu walimpisha. Alipita kando ya jeneza, akasimama, akasema, "Wa kike," kisha akaendelea shambani. Baada ya hapo Sista Paskalia alizikwa.

Jumatatu asubuhi, kabla masista hawajaondoa matanga, wanawake watatu walikuwa barazani wakimngoja Sista Esther. Mwaka huo walizaliwa watoto wengi kuliko mwaka wowote uliopita. Konventi ya Nahimba sasa ina masista saba, vitanda ishirini, chumba cha upasuaji mdogo, na shule ya wakunga inayochukua mabinti wa uwanda na wa mikoa mingine. Kila mwanafunzi, kabla hajaonyeshwa kitanda wala kifaa, hutumwa kukaa juma zima kwenye mikeka ya mabibi wa kijiji, bila daftari, kuuliza na kusikiliza.

Huo ndio mfano aliowaachia waamini, wenye nadhiri na wasio na nadhiri. Alimpenda Mungu kwa kuuliza alichodhani anakijua. Alitii alipokuwa na haki ya kukasirika, akarudi alipoitwa bila kudai neno la kumsafisha, na aliwapenda watu wa uwanda pamoja na vitu vyao walivyoviheshimu. Anayetaka kumfuata asianze na mambo makubwa. Leo hii aende kwa jirani anayedhani anamfahamu, aketi chini, amwamkie, na amwache azungumze mpaka mwisho.